Ngamia Aliyerudi na Alama ya Nunow

Katika chumba kile cha kompyuta hakuna aliyempenda Sadiyo binti Billow, na yeye hakuomba kupendwa. Alikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, mrefu kama nguzo ya simu, na ulimi wake ungeweza kumnyoa mtu ndevu bila maji. Walimu wa sekondari walimwambia hivyo kabla hajamaliza, na kabla yao mama yake Arbia, kule Sangailu, alikuwa ameshasema kwamba mtoto huyu alizaliwa akibishana na mkunga. Lakini kilichowachoma wenzake si ulimi. Kilichowachoma ni kwamba kila walipoingia walimkuta ameshaikalia mashine ya rangi.

Ngoja kwanza niwaeleze hiyo mashine ya rangi, maana ninyi wa siku hizi mnaiona kompyuta kama sufuria tu. Mwaka ule wa tisini na nane, Garissa ilikuwa bado inajikung'uta matope ya mafuriko ya El Nino. Mwalimu Gichuki, mtu wa Murang'a, alikuwa amekodi chumba nyuma ya duka la vitambaa akakiita chuo. Ndani aliweka kompyuta nne. Tatu zilitoa maandishi ya kijani juu ya weusi, basi, hakuna zaidi. Ya nne ilikuwa na rangi zote, spika mbili ndogo, na maikrofoni iliyofungwa kwa utepe mweusi. Zote zilifunikwa shuka kama maharusi kwa sababu ya vumbi, na uliingia mle bila viatu. Na wewe unayenicheka hapo, siku ile ungeambiwa ushike mausi ungetafuta paka.

"Sadiyo!" Gichuki alifoka asubuhi moja kutoka mlangoni. "Iko wapi barua ya kuomba kazi?"

"Nimemaliza, mwalimu. Na hiyo kazi ya ukarani, hata ukinipa siitaki."

Darasa likacheka, si kwa kumpenda.

"Mwalimu, huyo anachora wanyama tangu tufungue," alisema Mueni, binti wa muuguzi kutoka Kitui. "Sisi tunangoja zamu."

"Ngoja vizuri," Sadiyo alijibu bila kugeuka. "Ukichoka, kaa chini."

Gichuki alikuja kwa hasira, mkono umenyooka kuelekea swichi. Kwenye skrini palikuwa na ngamia. Alikuwa ngamia wa vijisanduku vijisanduku, miguu kama njiti za kiberiti, nundu kama chapati iliyokunjwa. Kabla mkono haujafika, Sadiyo alianza kubonyeza kitufe kimoja mfululizo. Ngamia akatembea.

Hakuna aliyemfundisha. Alikuwa amemchora ngamia katika ukurasa mmoja, akamnakili katika wa pili na kumsogeza mguu kidogo, akamnakili tena na kusogeza mwingine, hivyo hivyo, mpaka kurasa zikifunuliwa kwa haraka mnyama anakwenda. Tena alikuwa ameiba koor, ile kengele ya mbao ya ngamia, kutoka ukutani kwa ami yake, akaitikisa mbele ya maikrofoni na kuifungia sauti ndani ya mashine. Ngamia alipotembea, spika zikatoa kolok, kolok, kolok.

Wenzake wakasogea karibu. Mueni akanyoosha shingo juu ya bega lake.

"Anachechemea," alisema.

"Kama wewe ungebeba maji ya nyumba nzima ungechechemea," Sadiyo alimjibu.

Gichuki hakusikia. Alikuwa anahesabu wanafunzi aliokosa. Matajiri wa mifugo wa mji ule hawakuwa wameleta hata mtoto mmoja chuoni kwake. Walisema kompyuta ni jambo la makarani, na karani ni mtu wa kukupotezea muda dirishani. Sasa alikuwa anatazama mnyama wanaomwelewa.

"Alhamisi nawaalika wazee wa soko la mifugo," alisema. "Utawaonyesha ngamia anaenda kisimani, anakunywa, anarudi. Wakipenda, mashine hii ni yako kila alasiri. Wakikasirika, utarudi kwenye kijani na barua zako. Na huyo ngamia nitamfuta mwenyewe, kwa furaha."

Hakumpenda hata wakati anampa nafasi. Nataka mlijue hilo.

Nyumbani kulikuwa kubaya zaidi. Sadiyo aliishi kwa ami yake Mahat, ndugu wa baba yake, kwa sababu Billow alikuwa amefariki na mama alibaki Sangailu na mbuzi walionusurika. Mahat alikuwa mfanyabiashara wa ngamia, mtu mnene wa sauti nene, na tangu mafuriko na ule ugonjwa uliokuja nyuma yake, alikuwa amekasirika bila kupumzika. Mifugo ilikufa, iliyobaki ilitawanyika na kuchanganyika. Alikuwa na kesi mbele ya wazee wa suluhu na mtu anayeitwa Nunow, akidai kwamba ngamia jike wake ameonekana katika kundi la Nunow.

"Hiyo kompyuta," Mahat alimuuliza Sadiyo juu ya sinia la chakula, "inakamuliwa?"

"Haikamuliwi, adeer," Sadiyo alijibu, akimwita ami kwa Kisomali.

"Inachinjwa?"

"Njoo Alhamisi uone."

"Nitakuja. Na nikiona upuuzi, Jumamosi msafara wa malori unakwenda kaskazini. Shangazi yako Fatumo ana duka Elwak, anatafuta mtu wa kupima sukari. Wewe una mikono mirefu, utafika mpaka chini ya gunia."

Sadiyo alimjua ami yake. Maneno yake ya soko yalikuwa ya uongo, lakini vitisho vyake vilikuwa vya kweli kila mara. Usingizi wa alasiri ulimkimbia. Shuleni alikuwa amechapwa kwa kuchora ukutani kwa mkaa. Nyumbani alifokewa kwa kuchora mchangani kwa kijiti. Sasa kwa mara ya kwanza amepata ukuta usiochafuka na mkaa wa kila rangi, na watu wanataka kumpeleka akanuse sukari.

Akafikiri: nitamlainisha. Ngamia huyu nitamfanya awe wake.

Hapa msomaji mgeni anisikilize. Ngamia wetu hana karatasi. Ana alama, inachomwa kwa chuma cha moto, na mtoto mdogo akiiona kwa mbali atakuambia mnyama ni wa nani. Alama ya watu wa Mahat ilikuwa ndoano, shingoni. Alama ya watu wa Nunow ilikuwa pia ndoano, shingoni, kwa sababu babu yao mkuu alikuwa mmoja. Walipogombana na kugawana, watu wa Mahat wakabaki na shingo upande wa kulia, watu wa Nunow wakachukua kushoto. Mambo yote kati yao, amani na ugomvi, yalisimama juu ya upande huo wa shingo.

Sadiyo akamchorea ngamia wake ndoano nyekundu. Mnyama alikuwa anakwenda kulia kwa skrini, kwa hiyo ubavu wake wa kulia ndio ulioonekana, na ndoano ikakaa shingo ya kulia, mahali pake. Alijisifu mwenyewe kimoyomoyo. Alichora kisima, akachora birika, akamwinamisha ngamia akanywa. Ikabaki safari ya kurudi.

Siku hizo umeme wa Garissa ulikuwa unakuja kama mgeni asiyealikwa, na unaondoka hivyo hivyo bila kuaga. Jumatano ulikatika tangu asubuhi. Uliporudi, wanafunzi watatu walikuwa wamesimama nyuma ya kiti chake wakipumua kwa nguvu makusudi, na Mueni alikuwa anapiga meza kwa kalamu.

"Zamu yako imekwisha."

"Umeme ndio ulikwisha. Zamu yangu ipo."

"Nitamwita mwalimu."

"Mwite. Na umwambie umekuja kunipigia ngoma."

Hakuwa na muda wa kuchora kila hatua upya. Lakini ile programu ya kuchorea ilikuwa na amri ya kugeuza. Unabonyeza mara moja, kilichotazama kulia kinatazama kushoto, safi kama kwenye kioo. Sadiyo akageuza kurasa zote moja baada ya nyingine. Akazifunua. Ngamia akarudi kutoka kisimani, miguu inafuatana, kolok, kolok. Aliitazama miguu. Ilimpendeza sana ile miguu, hakutazama kitu kingine.

Alhamisi wazee walikuja na fimbo zao, wakavua viatu kwa kunung'unika, wakakaa kwenye viti vya wanafunzi. Mahat alikaa mbele. Nunow, mzee mkavu mwenye ndevu za hina, alikaa mbele pia, lakini ncha ya pili, ili wasigusane hata kwa harufu. Gichuki aliwahutubia kwa Kiswahili cha serikali mpaka mmoja akaanza kusinzia.

"Mwalimu," Nunow alimkata, "hii kombyuta yako inafanya kazi ama wewe ndio inafanya kazi?"

Gichuki akatabasamu kwa meno tu, akampa Sadiyo ishara.

Kengele ilipolia, wazee wawili waligeuka kutazama mlangoni, wakidhani mnyama ameingia mtaani. Kisha wakamwona kwenye skrini. Wakasogeza viti. Mahat aliona ndoano nyekundu, shingo ya kulia, akajaa kiti kizima.

"Ni wangu huyo!" aliwaambia wote. "Tazameni. Ni ngamia wangu!"

Ngamia akaenda kisimani. Akainama, akanywa. Mzee mmoja akasema mashallah. Sadiyo alihisi kiti cha mashine ya rangi kinakuwa chake kabisa chini ya makalio yake. Akabonyeza, na ngamia akageuka kurudi nyumbani.

Kolok, kolok.

Gichuki alitazama skrini, akawatazama wazee, akatazama tena skrini. Yeye aliona ngamia anarudi. Mueni aliona ngamia anarudi. Lakini kila mzee mle ndani aliona kitu kingine: ndoano, nyekundu, wazi, shingo ya kushoto. Ngamia aliyekwenda kisimani ni wa Mahat. Aliyerudi ni wa Nunow.

Nunow alisimama taratibu.

"Kwa hiyo mimi naiba kisimani," alisema. "Mbele ya watu. Kwa mashine. Tena na kengele."

Ilikuwa shutuma kubwa, na wazee wa suluhu wangeweza kuitoza faini nyumba nzima ya aliyeitoa. Wana wawili wa Nunow waliokuwa wamesimama dirishani wakaingia na viatu vyao.

Na Mahat? Badala ya kukana, Mahat aliruka kwa furaha.

"Hata mashine imejua!" alinguruma. "Sikusema mimi, imesema kompyuta ya serikali!"

"Si ya serikali, ni yangu!" Gichuki akapiga kelele. "Nimekopa!"

"Onyesha tena, binti yangu," Mahat akasema. "Onyesha waone anavyogeuzwa!"

Binti yangu. Hakuwahi kumwita hivyo tangu siku waliyomzika Billow. Sadiyo alitazama ile shingo, akaliona kosa lake. Ngamia wa kweli, akirudi, angeonyesha ubavu wa kushoto mtupu. Mtoto wa miaka minne wa Sangailu angejua. Akinyamaza sasa, ami yake atamlipia hata miaka mitatu. Akisema, Jumamosi ataona vumbi la Elwak. Hakumpenda Nunow, nyumba yao yote ilifundishwa kumchukia. Lakini ule mchoro ulikuwa wake, na ulikuwa umekosewa, na kukosea huko kulimuuma kuliko fimbo zote alizochapwa kwa sababu ya mkaa.

"Adeer, keti," alisema. "Hakuna aliyeiba. Nimekosea mimi."

"Hujakosea!"

"Nimekosea! Tazameni." Alimrudisha ngamia wa kwanza, akabonyeza ile amri. Ndoano ikaruka upande wa pili. Akabonyeza, ikarudi. "Mashine haijui kulia wala kushoto kwa ngamia. Inageuza kila kitu, hata kisichogeuka. Nilikuwa na haraka, nikatazama miguu."

"Tena," Nunow alisema.

Akageuza tena. Nunow alisogeza ndevu zake karibu na kioo.

"Kidole kimoja, na mali imehama. Wezi wakiijua hii hatutalala." Kisha akamgeukia Mahat. "Umesikia? Mtoto wako mwenyewe. Na wewe ulikuwa unacheka mpaka gego la mwisho linaonekana."

Wazee wakaanza kucheka, na kicheko chenyewe hakikuwa kizuri. Kilikuwa cha watu wanaomwona mwenzao amevuliwa nguo sokoni. Mahat akasimama, uso umevimba.

"Jumamosi," alimwambia Sadiyo kwa Kisomali, polepole. "Elwak."

Gichuki akachomoa waya ukutani. "Umenifukuzia wageni wote. Toka kwenye kiti changu."

"Kinanuka jasho lako, kichukue," Sadiyo alisema, akatoka akishika viatu mkononi. Nyuma yake Mueni alikuwa ameshakaa kabla kiti hakijapoa.

Jumamosi asubuhi malori yalipangwa karibu na kizuizi cha polisi, yakingoja askari wa kuyasindikiza mpaka Wajir na mbele. Sadiyo alikaa juu kabisa ya magunia, sanduku la bati magotini, akiwatazama watu wote chini kama wanaomdai. Mahat alikuwa akimwelekeza dereva mahali pa kumshusha, kwa sauti ya kutosha kusikika mpaka ng'ambo ya daraja la Tana.

Hapo Nunow akatokea, wanawe nyuma yake, fimbo begani.

"Waryaa, Mahat! Nasikia unampeleka mtoto wa Billow kupima sukari."

"Ni mtoto wetu. Hata tukimpeleka kupima mchanga."

"Ni mtoto aliyesema kweli mbele ya wazee wakati ami yake anameremeta kama tandiko jipya. Kama nyumba yako imeshindwa kumweka kwenye kiti, yangu haijashindwa. Nimeshaongea na yule mwalimu. Ada nitalipa mimi, atasoma kwa jina langu."

Wapakizi wakaacha kupakia. Muuza chai akaja na birika lake karibu, asikose neno.

"Kwa jina lako?" Mahat aliuliza.

"Langu. Na kila atakayeuliza sokoni, nitamwambia binti ya Billow analelewa na Nunow, kwa sababu kwa Mahat kumekauka."

Wote wawili hawakutazama juu hata mara moja. Sadiyo aliona vichwa viwili, kimoja chenye kofia na kimoja chenye ndevu za hina, vikigongana kama mbuzi, na akaelewa kwamba hakuna aliyekuwa anamtaka yeye. Nunow alitaka kumdhalilisha Mahat. Mahat alitaka kumfukia mtu aliyemwaibisha. Vizuri. Na yeye anataka kiti.

Akasimama, akakusanya nguo, akaanza kuteremka upande wa Nunow.

"Asante sana, adeer Nunow!" alisema kwa sauti kubwa kabisa.

Neno adeer, kwa mtu yule! Mahat alilipata kama kofi. Alizunguka lori mbio, tumbo likimtangulia.

"Shuka huku! Huku, nimesema!"

"Huku kuna nini?" Sadiyo aliuliza, mguu mmoja hewani.

"Kuna kwenu!"

"Kwetu napelekwa Elwak. Nunow ana kompyuta."

"Hata mimi nina kompyuta!"

"Ya rangi?"

"Ya rangi!"

"Kila alasiri?"

"Sadiyo, nitapanda huko nikupige!"

"Kila alasiri, adeer, ama nashukia kwa Nunow."

Askari mmoja wa msafara aliegemea bunduki yake, akamwambia Mahat, "Mzee, jibu tuondoke, jua linapanda."

"Kila alasiri!" Mahat alinguruma. "Mpaka macho yako yaoze!"

"Umesikia, afande?"

"Nimesikia."

Akashuka upande wa ami yake. Nunow alitema mate pembeni, bila hasira nyingi, kama mtu aliyeuza kwa bei aliyoitaka. Kabla ya kuondoka alimnyooshea Sadiyo fimbo.

"Usidhani nakupenda, msichana. Ukichora alama yangu tena, hiyo sanduku ya kombyuta nitaipasua na hii."

"Na wewe usijidanganye," Sadiyo alimjibu. "Ningekuja kwako ningekukera mpaka unirudishe."

Jumatatu Mueni aliondolewa kwenye mashine ya rangi, akasonya kwa urefu ambao ungefika Kitui. Gichuki alipokea ada mpya kutoka kwa Mahat bila kumtazama Sadiyo machoni, akamwambia ajue kwamba bado anamchukia. Akaambiwa ni sawa.

Mahat hakuondoka. Alivua viatu, akavuta kigoda, akakaa nyuma ya binti wa ndugu yake kuhakikisha hakuna ngamia wa Nunow atakayeingia tena mle kwa pesa zake. Sadiyo alifuta safari yote ya kurudi. Akaanza kuichora upya, hatua kwa hatua, shingo ya kushoto tupu kama alivyozaliwa mnyama.

"Nundu ndogo," Mahat alisema nyuma ya sikio lake. "Ngamia wangu hana njaa."

"Mm."

"Na huyo mguu unaenda wapi? Anakwenda nyumbani ama anakimbia chanjo?"

"Adeer."

"Nini?"

"Unanizibia mwanga."

Mahat alinung'unika, akamtukana kwa sauti ya chini, akaapa kwamba lori lijalo halitamsubiri mtu. Kisha akasogeza kigoda.